Baba Sekela, Sasa Refa ni Mimi

Baba Sekela,

Hapa Nanyala hatujambo. Kahawa tumeshavuna, mama yako anatembea tena bila mkongojo, na Sekela kaingia darasa la sita. Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo ungeuliza kwanza. Halafu ungeuliza habari za besiboli, na hizo ndizo zilizonikalisha kuandika.

Ile homa ilipokuchukua, mchezo nao ulikufa. Jumamosi watu walitoka shamba la kijiji wakaenda moja kwa moja makwao. Ng'ombe wakarudi kulala uwanjani. Mimi nilikuwa napita njia ya nyuma nisiuone, maana nikiuona nakuona wewe, umekunja suruali, umeinama nyuma ya mdakaji, unapaza sauti "Umetoka!" mpaka kuku wanakimbia.

Unakumbuka walivyokucheka ulipokuja na mchezo huo kutoka sekondari, ulikofundishwa na yule mwalimu mgeni? Gongo la kupigia mpira ulilichonga mwenyewe. Mpira uliushona kwa matambara na vipande vya tyubu za malori ya Tunduma. Vituo vinne vya kukimbilia vikawa viroba vya maganda ya kahawa. Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama huo si mchezo wa mabepari. Ukamjibu, "Mwenyekiti, hapa kila mtu anapiga kwa zamu yake, hata goigoi. Ujamaa gani unazidi huo?" Akacheka, akaja kujaribu, akaukosa mpira mara tatu, ukamtoa. Mwenyekiti! Usiku ule sikulala kwa hofu. Wewe ulikoroma.

Na mchezo ukiisha hukuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Unamwendea mmoja mmoja. "Wewe unafumba macho mpira ukija." "Wewe unatupa kwa hasira, tupa kwa shabaha." Mimi nimekaa kwenye majani na mtoto, nanung'unika kwamba moto umezimika jikoni. Kumbe nilikuwa najifunza.

Vijana walijaribu kucheza na wenzao wa kijiji cha Igamba bila refa. Ikaisha kwa ngumi, na Igamba wakaapa hawatakanyaga tena kwetu. Baadaye wakalegea, wakasema watakuja mara moja tu, waone kama kuna haki. Ndipo mdogo wako Amoni akaja kwangu.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa unakaa pale kila Jumamosi. Sheria unazijua."

Nikakataa. Mjane, tena mwanamke, nikasimame katikati ya wanaume nikiwapigia kelele? Mama yako alikuwa anapepeta mahindi, wala hakuinua uso. "Nenda, mwanangu. Mume wako alikuwa na furaha pale."

Nikaenda. Nilifunga kanga kiunoni, nikasimama nyuma ya mdakaji. Kijana mmoja wa Igamba akasema kwa sauti, "Refa ndiye huyu?" Nikamwambia ashike gongo, zamu yake imefika.

Mchezo ulienda vizuri mpaka mwisho. Igamba walikuwa mbele kwa moja, na Amoni alikuwa anakimbilia kituo cha mwisho. Angefika kabla ya kuguswa na mpira, tungekuwa sawa. Mpira ukaja kutoka mbali, mdakaji wa Igamba akaunyaka na kumgusa nao, na papo hapo Amoni akakanyaga kiroba. Vumbi tupu. Watu wote wakanigeukia. Nanyala nzima ilikuwa inasubiri niseme amefika. Igamba walikuwa wanasubiri hivyo hivyo, wapate kuondoka.

Niliona, Baba Sekela. Niliona vizuri kabisa.

"Umetoka!"

Amoni akanitazama kana kwamba nimempiga kofi. "Shemeji, mguu wangu ulishafika!"

"Mpira ulikutangulia, shemeji. Umetoka."

Nilidhani atatupa kofia chini, na nyuma yake nilishaona watu wanasogea. Akasimama pale, anahema. Halafu akampa mkono yule mdakaji, akaenda kukaa. Tulishindwa. Nilitaka kukimbilia nyumbani, lakini nikafanya ulivyokuwa unafanya. Nikamfuata alipokaa, nikamwambia, "Ukikimbia unageuka kuutazama mpira. Ndiyo maana unachelewa."

Akainamisha kichwa. "Hata kaka alikuwa ananiambia hivyo."

Basi nikalia, mbele ya watu wote, na kanga yangu ya urefa kiunoni. Amoni naye akalia. Yule kijana aliyeuliza kama refa ni mimi akatuletea maji kwenye kibuyu, akangoja tunywe, kisha akauliza taratibu, "Mama, na mimi nakosea wapi?"

Jumamosi iliyofuata Amoni alitangulia uwanjani kuliko wote. Nilimkuta anakimbia peke yake kutoka kiroba hadi kiroba, macho mbele. Watu wa Isansa nao wameleta ujumbe kwamba wanataka kujifunza. Na wasichana wanacheza sasa. Sekela anadaka vizuri kuliko wewe, usikasirike.

Bado kuna asubuhi naamka nikipapasa upande wako wa kitanda. Lakini Jumamosi siogopi tena kupita uwanjani.

Kesho kutwa tunakwenda Igamba kwa miguu, kijiji karibu kizima. Nakuahidi nitasema nilichokiona, ashinde nani, ashindwe nani. Na nitafundisha wengine kuona, ili siku nikichoka mchezo uendelee. Pumzika, mume wangu. Mimi bado nina kazi.

Mama Sekela