Turbo ya Baba Inapiga Filimbi Tu

Mama Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla baba yangu hajaanza safari, maana nimelifungia jambo kifuani, na kila nikimwona anavyolisugua gari lake kwa kitambaa naona haya.

Mimi ni fundi wa magari, mwanamke peke yangu kwenye gereji yetu, na kazi hii naipenda ingawa kucha zangu zimeshasahau rangi. Baba yangu ni seremala mstaafu, mtu wa maneno machache, na nilipoanza kushika spana hakufurahi, alisema haelewi msichana atakaaje ananuka oili, hata gari lake akawa analipeleka kwa mafundi wengine na mimi napishana nalo barabarani najifanya sijaliona. Gari lenyewe ni la zamani, halina turbo, injini yake inavuta hewa yenyewe taratibu, na marehemu mama alikuwa akilitania kwamba likiona mlima linaomba dua kwanza.

Mama alifariki mwaka jana. Siku alipozidiwa tulimpakia kwenye gari hilohilo, baba akashika usukani, mimi nikakaa nyuma na kichwa cha mama mapajani, tukapanda ule mlima wa kwenda hospitali na gari likawa linatambaa, mabasi yanatupita, baba anapiga usukani kwa kiganja anasema twende, twende, na mama ananong'ona kwamba afadhali linakwenda polepole, halimuumizi, nami nikawa namfuta jasho tu. Tulifika wakampokea, akakaa wodini siku kadhaa, kisha akatuacha. Daktari alituambia kwamba kwa ugonjwa ule kufika mapema zaidi kusingebadilisha kitu, lakini baba hakutaka kusikia. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa barazani, analitazama gari, chakula anakigusagusa tu, ukimsemesha anakujibu kwa kichwa.

Basi asubuhi moja namwona huyo anaingia gereji kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, amebeba kitu kwenye shuka kama aliyebeba mtoto. Akakifungua juu ya meza yangu ya vyuma. Ilikuwa turbo, ameinunua kwa wauza vipuri vya zamani. Akasema, "Fundi, nataka unifungie hii. Nimechoka na gari lisilopanda." Mama Mshauri, hajawahi kuniita fundi.

Nilijua palepale kwamba haifai. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inasukuma hewa ya ziada iingie ndani kwa nguvu, na injini ya baba imetengenezwa kubana hewa yake sana bila msaada wa mtu, ukiishindilia nyingine juu yake inaanza kugonga, gasketi inaungua, pistoni zinapasuka, labda ubadilishe pistoni na njia za mafuta na za oili na mambo chungu nzima, na injini yenyewe ni mzee kama mwenye gari. Nikafungua mdomo nimwambie hivyo, nikaona anavyonitazama, nikasema, niachie, baba. Halafu nikaifunga ile turbo kwa vyuma pembeni mwa injini, mipira yake nikaiziba kwa ndani isipitishe kitu, na kwenye bomba la moshi nikatia filimbi, kile kichuma wanachonunua vijana ili gari lilie kama lina turbo na kumbe halina.

Alipokanyaga mafuta likapiga filimbi, akazima, akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Siku hizi anakula, anatembelea wenzake, anawaambia fundi wangu ni binti yangu, na anaapa kwamba gari linapanda kama mbuzi, wakati mimi najua nguvu haijaongezeka hata punje. Na huyu ndiye baba aliyetulea akiwasema maseremala wanaoziba ufa wa mbao kwa gundi na unga wa msumeno, wakapaka rangi, wakauza. Ndicho nilichomfanyia.

Sasa mwisho wa mwezi anataka kwenda kwa baba mdogo, ng'ambo ya milima, barabara nyembamba na kona tupu. Juzi tunakunywa chai akasema, "Miaka yote nimekula moshi wa malori. Safari hii watakula wangu." Nikamwomba niende naye niendeshe mimi, akasema gari lenye turbo haliombi dereva. Mume wangu anasema nitoe filimbi kimyakimya niseme turbo imekufa, lakini najua baba ataleta nyingine. Na nikimwambia ukweli naogopa atarudi kwenye kile kiti cha barazani, na fundi hataniita tena. Nifanyeje?

Fundi wa Filimbi

*

Mwanangu Fundi wa Filimbi,

Pole kwa kumpoteza mama, na pole nyingine kwa mzigo uliojitwisha. Pole zimekwisha, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umemfungia baba yako filimbi ukamwachia barabara ya milima. Mtu akitoka nyuma ya lori kwenye kona, akakanyaga mafuta, na nguvu aliyoahidiwa isije, unajua kinachofuata, wala usinilazimishe nikiandike. Nia yako ilikuwa njema, siitilii shaka, ila kwa nia hiyohiyo unaweza kukaa matanga mara ya pili. Kwa hiyo la kwanza halina mjadala. Funguo za gari zichukue leo. Mwambie kuna kazi hukuimaliza kwenye lile gari, na hapo hutakuwa umesema uongo.

Mumeo msalimie, ushauri wake mwambie autunze, utamfaa siku yake. Uongo hauzibwi kwa uongo mwingine, na wewe gundi umeshapaka ya kutosha.

Unaogopa mzee hataelewa au hatakusamehe. Mimi mpaka nilipopata barua yako nilidhani turbo ni dawa ya mbu. Umenieleza kwa mistari michache nikaelewa kwa nini injini ile haiwezi kuibeba. Seremala aliyeishi na mbao, anayejua ubao upi unabeba paa na upi utapasuka, atashindwa wapi? Alikuja kwenye meza yako akasema fundi. Siku zote ulilitamani neno hilo, na lilipokuja ukamjibu kama mtoto anayeogopa baba asije akalia. Alistahili jibu la fundi, na wewe ulikuwa nalo mdomoni.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonirudisha kwenye barua yako nikaisoma upya. Katikati ya mambo ya pistoni na gasketi umepitisha neno moja upesiupesi kana kwamba si lolote. Mama yako alisema afadhali gari linakwenda polepole, halimuumizi. Aliyasema hayo kwa kunong'ona, kichwa chake mapajani mwako. Baba yako alikuwa mbele, anapiga usukani, anasema twende. Alisikia? Hakusikia, mwanangu. Nawe hukumwambia siku ile, hukumwambia kwenye msiba, hukumwambia hata alipokuletea chuma kwenye shuka. Yeye amekaa barazani muda wote huu akililaumu gari, na kujilaumu mwenyewe, kwa mwendo ambao mkewe aliushukuru. Turbo ile aliinunulia mlima wa siku ile, na hakuna fundi awezaye kuifunga huko. Neno la mama yako linaweza kufika, na aliyelibeba ni wewe peke yako. Sikulaumu kwa kulibeba, ulikuwa na uchungu wako pia. Ila sasa litue.

Fanya hivi. Chagua asubuhi ambayo gereji haina watu, umwite. Fungua boneti, toa turbo mbele ya macho yake, mwonyeshe mipira uliyoiziba, kisha toa ile filimbi umwekee kiganjani. Omba msamaha mara moja, kwa sauti ya kusikika. Atakasirika, na ana haki, hata akikuita muuza mbao zenye nyufa itikia abee. Usimfuate na maelezo. Akishatulia ndipo umpe maneno ya mkewe kama yalivyotoka, usiongeze wala usipunguze, halafu nyamaza, hata kimya kikirefuka namna gani.

Kisha lirudieni gari, nyote wawili. Mpe tochi akumulikie, na mweleze kila unachokigusa. Badilisha plagi, safisha njia ya hewa, pima ubanaji wa injini, na breki uzikague kuliko vyote, maana huko mlimani kupanda ni hiari na kusimama ni lazima. Mwambie wazi litakuwa gari zima, ila halitakuwa na mbio. Turbo airudishe kwa muuza vipuri, na asipoipokea iwekeni chini mlangoni, izuie mlango usijipige na upepo.

Kwa baba mdogo nendeni pamoja, usukani mpokezane, na mkikuta lori kaeni nyuma yake. Moshi ukizidi, fungeni vioo. Gari likianza kutambaa, usiombe radhi kwa niaba yake. Mwache mzee ausikie mwendo ule mpaka juu, sasa akijua nani aliupenda.