Kiota cha watu wawili

Shoga, acha unachofanya unisome. Nimejifungia kwenye choo cha bustani kwa hasira.

Unakijua kile kiota chetu kikubwa cha matawi yaliyoanguka, ile sanaa yetu ya hapa bustanini. Hakuna msumari, hakuna waya, ni kamba za magome nilizoloweka kwenye beseni langu la kufulia. Mimi na shemeji yako tulihangaika nacho mpaka mikono ikachubuka.

Leo ndiyo uzinduzi. Mgeni rasmi anauliza nani kakitengeneza. Shemeji yako, bila hata kupepesa macho: "Mimi. Mke wangu alinisaidia kuokota matawi."

Kuokota. Mimi. Kuokota.

Ngoja, bado. Mgeni akauliza matawi yameshikanaje bila misumari. Bwana kufunga hajui, kazi yake ilikuwa kunishikia tawi. Akanigeukia: "Hebu mwonyeshe, mama."

Na mimi nikapiga magoti nikamwonyesha. Nikafunga vizuri kabisa, huku natabasamu. Sijui nani alinituma.

Watu wakapiga makofi. Unajua kasemaje? "Mnaona? Nimemfundisha mwenyewe."

Huyo anagonga mlango. Anataka nitoke nikawapige picha, yeye na mgeni.