Koili Niliyokukunjia kwa Mikono Yangu

Mpendwa mchumba wangu wa zamani,

Nimeolewa! Wiki ya tatu leo, hina haijafutika, na furaha imenijaa hadi nacheka peke yangu jikoni. Nikasema, huyu lazima nimwandikie.

Unaikumbuka ile koili ya radi uliyomtengenezea arbab wako, yule bosi Mwarabu, kule Silicon Oasis, Dubai, ya kurusha cheche jukwaani? Kila siku yangu ya mapumziko nilikuja kukukunjia waya, mizunguko zaidi ya elfu, hadi vidole vikachanika. Ukavibusu. Nikadhani ndiyo mapenzi hayo.

Koili ikawa ndefu kuliko sanduku la arbab la kuibebea jukwaani. Ukaikata, ukasokomeza vijiti vyeusi vya feraiti, ile kauri ya chuma inayovuta sumaku, ndani ya bomba nililozungushia waya, ili koili fupi ifanye kazi ya ndefu. Rashidi, mwenzako wa karakana, akakwambia, "Kaka, kwa volti hizi ndani iache hewa tu. Feraiti itachemka, na cheche itairukia."

"Fundi wa feni, tulia," ukamjibu.

Mimi nauza manukato Al Barsha, pua ndiyo kazi yangu. Siku ya jaribio nilinusa vanishi ya waya ikiungua kabla hujaona lolote. Nilipokwambia, ulicheka mbele ya wote: "Mrembo, rudi kwenye chupa zako! Puani mwako mna udi tu."

Rashidi hakucheka. Aligusa bomba, akautoa mkono upesi. "Shemeji kasema kweli. Linawaka hili."

Siku ya kumwonyesha arbab, siku ya mkataba wako, ulivaa shati nililokununulia. Ulikuwa bado unapandisha umeme harufu ile iliponifikia. Muda wa kuzima ulikuwepo. Nikakutazama, mpenzi, nikafunga mdomo.

Cheche haikutoka nje hata kidogo. Iligeukia ndani, ikatoboa bomba, feraiti ikapasuka paa! Arbab hakupaza hata sauti. "Khalas," akasema, basi, mkataba umekwisha.

Nje ukanishika mkono, macho mekundu. "Ulinusa? Mbona hukuniambia?"

"Puani mwangu mna udi tu."

Rashidi aliijenga upya, ndefu, ndani hewa tupu, na arbab akanunua sanduku kubwa. Waya nilikunja mimi. Yeye habusu tu vidole hivi; alivinunulia glavu kwanza.

Nasikia umerudi Malindi, unatengeneza feni. Kazi njema. Ukinijibu, usiniite mrembo tena, uniite kwa heshima zangu.

Ni mimi,
Shemeji yako