Picha Yako ya Dirishani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, huko uliko. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu nimechoka kunong'ona, na mdomo huu nimeurithi kwako.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka Singida mjini umekumbatia bahasha kubwa ya kaki? Ulishuka kwenye basi pale Ihanja barabarani unacheka. "Nimepigwa picha ya kifua," ukawatangazia hata wauza vitunguu, "nasikia nafuu kabisa!" Ukachinja kuku siku ya kazi, majirani wakaja kukupa pongezi. Ndivyo tulivyojua sisi: ukishapigwa picha, umetibiwa. Ile mashine tuliihesabu kama sindano kubwa.

Kioo cha dirisha la sebuleni kilikuwa kimevunjika, ukaichomeka picha pale kuzuia upepo. Jua likichomoza mbavu zako zilikuwa zinawaka, na juu upande mmoja lile doa jeupe. "Mnaona nilivyo mzuri mpaka ndani?" ulitutania. Tukacheka. Hatukujua tunatazama nini.

Daktari alikuwa amekuambia umalize dawa, kisha urudi upigwe nyingine. Ulinisimulia mwenyewe tukipepeta alizeti, na Baba mkubwa, kaka yake baba, akasikia. "Picha si umeshapigwa, shemeji? Ya pili ya nini? Unautafuta ugonjwa?" Ukanyamaza. Kikohozi kilipotulia ukaacha na dawa, na mjini hukurudi. Kikohozi kilirudi chenyewe, na damu.

Siku ya kugawa nguo zako Baba mkubwa aliichomoa picha dirishani aitupe motoni. "Hii ndiyo iliyomuua," akasema. Nilimnyang'anya, Mama, mbele ya wazee, wakanishangaa. Picha yako nyingine hatuna. Kamera ulizikimbia, ulisema zinakunenepesha. Halafu niache iungue? Thubutu!

Mwaka huu kifua kikuu kimenifuata mimi. Doa langu liko kulekule lilikokuwa lako. Nilimbebea daktari picha yako, akaiweka kwenye taa, akaitazama kwa muda. "Ya pili iko wapi?" akauliza. Nikamwambia haipo. Akasema taratibu, "Picha moja inanionyesha ugonjwa uko wapi. Kujua kama unasonga mbele au unarudi nyuma, nahitaji ya pili." Nililia palepale. Si huzuni, Mama, zilikuwa hasira tupu.

Nimemeza vidonge kila asubuhi, hata vilipobadilisha mkojo rangi nikaogopa. Wakati wa picha ya pili ulipofika, Baba mkubwa akanikuta barabarani nangoja basi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Unakwenda wapi tena? Picha si umeshapigwa?"

Maneno yaleyale, Mama! Yaleyale!

"Baba mkubwa, nakuheshimu," nikamjibu, "lakini mimi sinyamazi. Nakwenda kupigwa ya pili, na ya tatu wakisema. Nitapigwa mpaka ile mashine inijue jina."

Akatikisa kichwa, nami nikapanda basi.

Hospitalini wakaniambia picha ipo kwenye kompyuta, inatosha. Inamtosha nani? Nikasema nataka ya kushika mkononi, na sikutoka pale mpaka wakanitolea. Daktari akaiweka pembeni ya ile yangu ya kwanza. Doa limepungua. Halijaisha, hakunidanganya: limebaki kama ukucha wa kidole gumba, na dawa lazima niendelee nazo. Lakini linarudi nyuma. Linanikimbia mimi, binti yako!

Sasa zote ziko dirishani, ya kwako na zangu mbili. Juzi Baba mkubwa alikuja kunijulia hali, akakataa kiti. Alisimama pale dirishani, akaitazama ya kwako, akahamia zangu, akarudi kwa ya kwako. Akakohoa. Tangu mavuno namsikia anakohoa, na kila mara anasingizia vumbi.

"Hii ya pili," akauliza kwa sauti ndogo, "weupe wake umekwenda wapi?"

"Umepungua kwa sababu sikuacha dawa, na nikarudi," nikamwambia. "Mama hakurudi."

Nilitaka limchome, na lilimchoma. Aligeukia mlango, nikadhani anatoka. Kisha akauliza basi la kwanza linapita saa ngapi.

Kesho tunakwenda wote wawili. Hasira yangu kwake haijaisha, sikufichi, na pengine haitaisha. Lakini nitamkalisha kiti cha dirishani apate hewa, nitahakikisha anameza dawa zake, na siku ya kurudi nitamfuata kwake, akatae au asikatae. Aniite mkaidi, aniite asiye na adabu, sijali. Nyumba hii haiziki tena mtu wa picha moja.

Lala salama, Mama. Basi ni la alfajiri, na bado sijapasi gauni.

Ni mimi mwanao,
mwenye picha mbili, naifuata ya tatu