Kitabu Alichochaguliwa Jokha

Malindi, Unguja
9 Machi 1968

Kaka yangu Darwesh,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na mlango wa uani nshautengeneza.

Nataka nikusimulie habari za Bi Kidawa, mwalimu mpya wa Jokha darasa la saba. Mwanamke huyu ana kipaji! Humtazama kila mwanafunzi siku nyingi, kisha humchagulia kitabu chake mwenyewe. Unamjua mwanangu Jokha: tangu baba yake achukuliwe na askari, alikuwa hasemi ila "naam". Bi Kidawa akampa hadithi ya msichana aliyepotea msituni. Siku ya tatu Jokha akanifuata jikoni.

"Mama, nkusomee?"

Akasoma mpaka wali ukaungua, nami sikumkatiza.

Alipokirudisha kitabu, mwalimu akamuuliza sasa anataka kitabu gani.

"Cha baba anayerudi nyumbani."

Bi Kidawa hakumdanganya. Alimwambia, "Hicho sina, mwanangu. Ninacho cha mtoto anayengoja huku akikua."

Jokha amekichukua. Jana alinisomea sura mbili, na ya pili ilituchekesha sote wawili mpaka jirani akagonga ukuta.

Dadako akupendaye,
Sheikha