Uwanja Uliofagiliwa Mara Tatu

Mjukuu wangu Daudi,

Hapa Naliendele hatujambo, na mikorosho imeanza kutoa maua. Unauliza kama umwite mkeo aache mafunzo arudi, maana mtoto hakubali kulala kwako.

Baba yako naye alinikataa. Nilikuwa mwalimu katika kijiji cha ujamaa, Mpapura, na bibi yako alikuwa amejiandikisha kisomo cha watu wazima, kila alasiri. Siku ya kwanza mtoto alilia mpaka nikaishiwa nyimbo. Jirani yetu, Mama Fatu, akacheka: "Mwalimu, mwite mama yake! Hiyo si hesabu, huiwezi."

"Hatoki darasani," nikamjibu.

Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, nikashika ufagio. Nilipoinama na kuinuka mara kadhaa, akanyamaza, kisha akalala. Ndipo nikaelewa kwamba mama yake hakuwahi kupata nafasi ya kukaa akambembeleza. Mtoto alizoea kulala mgongoni, mama akifanya kazi.

Bibi yako alirudi anajua kuandika jina lake. Alinikuta bado nafagia, naogopa kusimama, uwanja umefagiliwa mara tatu.

Ufagio unao?

Babu yako