Kamongo Mezani kwa Shangazi

Jumapili, Nyegezi



Leo nilimpeleka Josia kwa Shangazi Adela ajitambulishe kabla ya posa. Ukoo wetu hauli samaki aina ya kamongo, ni mwiko hata kumpika. Lakini Shangazi, bila kuniuliza, alimwomba jirani ampike kwa ajili ya mgeni. "Mkerewe bila samaki atasema tumemnyima," alisema.

Josia akaisukuma sahani taratibu. "Samahani, mama. Kwetu kamongo ni mwiko. Wazee wetu walivuka ziwa kutoka Ihangiro, kule Uhaya, wakaja na mwiko huo Ukerewe."

"Ihangiro? Ukoo gani?"

Akautaja. Ni wetu!

Mimi sikuwahi kumuuliza. Yeye Mkerewe, mimi Mhaya, nikajua tuko mbali. Nilichoogopa ni kwamba watamkataa kwa kuwa si Mhaya, kumbe...

Laiti Shangazi angefoka. Alimshika mkono, machozi yakimlengalenga, akamwita mwanangu. Kisha akanigeukia: "Huyu ni kaka yako. Posa haipo."

Siku moja tukila Kirumba, Josia alipokataa kamongo mbele yangu mara ya kwanza, nilifurahi mno. Nikajisemea: huyu ni wa kwetu kabisa.